Helmeti Isiyo na Mkwaruzo

Jumatatu, 3 Februari

Nimeswali, nimekunywa chai, nimeenda soko la mifugo. Walikuwa wananisubiri. Garissa hii ng'ombe hauzwi mpaka mimi nimetazama meno yake. Maafisa wakubwa wakubwa huniuliza kama mvua itanyesha. Nawajibu. Mvua nayo hutii.

Alasiri tulikaa kwa Halima, mjane wa mdogo wangu Bashir. Mambo mabaya. Jamaa aliyekuwa akimletea maziwa ya ngamia kwa pikipiki kutoka upande wa Balambala ameacha kazi, kahamia Modogashe. Bila maziwa Halima hana meza sokoni. Kaka zake wa Habaswein wamesema Ramadhani ikimkuta hivyo wanakuja kumchukua, yeye na watoto.

Watoto wa Bashir waende kulelewa Habaswein na mimi niko hai? Nikasimama mbele ya wote. Nikasema pikipiki ya marehemu nitaiendesha mimi. Nikasema nilikuwa naendesha hizo kabla Bashir hajaota meno.

Ngamia, nilimaanisha.

Naandika Kiswahili. Mke wangu hakisomi.

Jumanne, 4 Februari

Mwalimu wangu ni Mutua, Mkamba wa steji ya pikipiki. Amekaa hapa mpaka anatukana kwa Kisomali. Nilifika na kikoi kipya na kandambili. Kandambili hizi hizi nilimfukuzia simba kule Modogashe, nikamwambia.

"Mzee," akasema, "simba hana mnyororo."

Sikumsikiliza. Mnyororo ukakamata pindo la kikoi. Ukala, ukala, ukakimaliza. Nikabaki na kaptula ya ndani mbele ya mnada wa mbuzi. Akina mama wa maziwa walifunika nyuso. Wengine hawakufunika vizuri.

Nimewaambia nilikuwa napima nguvu ya mnyororo. Uko sawa.

Jumatano, 5 Februari

Sokoni na Mutua. Suruali ya jinsi, ngumu kama ngozi ya kifaru. Buti za mtumba zinazofunika kifundo cha mguu. Jaketi zito. Nikauliza, jaketi na jua hili? Akanikunjia mkono wa shati. Kiwiko chake kina kovu jeusi, limekunjamana. Akasema lami ya hapa saa saba ni kikaango, chagua jasho au chagua ngozi.

Nimechagua jasho.

Glavu pia. Nimekuwa kama mwanajeshi. Mtaani walinipigia saluti. Wawili hivi.

Helmeti sikununua. Halima alinitolea ya Bashir. Nyeusi, haina mkwaruzo hata mmoja. Kila mtu anajua kwa nini. Bashir aliivaa akikaribia kizuizi cha polisi tu, safari yote iliyobaki ilining'inia kwenye kiwiko. Mwaka jana alianguka kwenye laga, ule mto mkavu unaokata barabara ya Balambala. Helmeti ilibaki mkononi. Kichwa ndicho kilichogonga.

Ndani bado inanukia udi wa nyumba yao. Mutua alinivalisha, akaitikisa. "Inacheza, mzee. Ikicheza si yako." Nikamwambia vichwa vya ukoo wetu ni vikubwa, na changu ndicho kikubwa kuliko vyote. Kinyozi wangu hupumzika katikati.

Fowzia, binti mkubwa wa Bashir, huniita adeer, yaani baba mkubwa. Alinitazama. "Adeer, si wewe umeivaa. Ndiyo imekuvaa."

Mtoto hana adabu. Mdomo wa baba yake kabisa.

Jumamosi, 8 Februari

Leo tulitoka mjini. Mutua nyuma na pikipiki yake. Gia ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilikuwa naruka.

Kisha nikasikia. Nyuma ya sikio la kulia.

Waaaa.

Bashir hakuwahi kuniita kwa jina. Walaalo, ndivyo alivyoniita. Ndugu yangu. Alianza kwa kuvuta, kutoka mbali, kabla hujamwona. Waaaa, halafu mengine.

Nikasimama. Miiba. Korongo mmoja mwenye kipara. Mutua hakusikia kitu. Nilimwambia nimesimama kukagua mawingu. Hakukuwa na wingu.

Jumatatu, 10 Februari

Tena. Nikipunguza, ananyamaza. Nikiongeza, anaita. Karibu na laga anapaza, kama mtu anayekuonya kuna shimo. Nilisoma Ayatul Kursi mara nyingi. Haikumzima.

Nikigeuka namkosa. Hamalizi neno. Huanza tu.

Naogopa. Nimeandika. Mke wangu amesema nimekonda. Nimemwambia ni mazoezi.

Alhamisi, 13 Februari

Sili vizuri. Nimefikiria kumwambia Halima pikipiki imeharibika. Halafu nikapita pale, nikakuta ameanza kufunga vyombo kwenye gunia. Polepole, sahani moja moja, kama mtu anayesubiri kukatazwa.

Nikatoka, nikaenda kujaza petroli.

Ijumaa, 14 Februari

Baada ya swala ya Ijumaa nikatoka tena na Mutua. Bashir akaita. Nikachoka kuogopa. Nikajibu.

Nikamwambia Fowzia anazidi kuwa mjeuri. Nikamwambia yule ngamia wake mwenye sikio bovu amezaa jike. Nikamwambia Halima anafunga vyombo. Waaaa, anajibu. Waaaa. Nililia ndani ya helmeti, na hakuna mahali pa kupangusia.

Kwenye mteremko wa laga nikageuza kichwa nimsikie vizuri. Kichwa kiligeuka. Helmeti haikugeuka. Giza. Nikatafuta breki, nikapata mchanga.

Jaketi limechanika kiwiko, kiwiko kizima. Buti limebonyea, mguu mzima. Helmeti ilichomoka hata kabla sijatua. Kichwa changu kilishuka kitupu, kama chake. Yeye alipata jiwe. Mimi nilipata mchanga.

Nililala pale. Helmeti ilikuwa imetulia hatua chache kutoka kwangu, mdomo juu. Upepo ukapanda kutoka lagani, ukaingia ndani yake.

Waaaa.

Helmeti tupu. Haina mtu. Iliita na kuita, na mimi nikiitazama.

Mutua alinikuta hivyo. Hakucheka. Mwanamume huyu angeweza kucheka.

Jumapili, 16 Februari

Halima alinipima kichwa kwa futi yake ya cherehani. Akapima tena. Wakatazamana na Fowzia. Nikawaambia futi za siku hizi zinavutika.

Dukani Mutua alinivalisha nyingi. Iliyokaa ilinibana mashavu mpaka nikaongea kama nimejaza anjera mdomoni. "Hiyo hiyo," akasema. Nikatikisa kichwa, haikucheza. Nikaifunga kamba chini ya kidevu, akaivuta kwa nyuma, haikutoka. Ni saizi ndogo. Zilizobaki za saizi hiyo zote ni zambarau, na ua pembeni.

Nimesema nimechagua zambarau ili nionekane na malori.

Jumatatu, 24 Februari

Maziwa ya kwanza. Madumu mawili, nimeyafunga kwa mpira kila upande. Nilivuka laga kwa gia ya pili, helmeti kichwani, kamba imefungwa. Ndani kimya. Nilisikia pumzi yangu tu.

Halima alifungua dumu, akanusa, akamimina kikombe cha mteja wa kwanza. Hakunishukuru. Simu ikalia, kaka yake wa Habaswein. Akamwambia, "Msije. Tuko na mtu."

Mtu. Mimi.

Niliwaambia wauza miraa nimevuka mto Tana umefurika, madumu kichwani.

Ijumaa, 28 Februari

Watu wanajiandaa kutazama mwezi jioni. Sahani za Halima zimerudi kabatini.

Helmeti ya Bashir nimemwambia Fowzia naitunza kwa heshima, juu ya kabati langu. Ni kweli, iko pale. Lakini mchana huu, mke amelala, nyumba yote imelala kwa joto, niliishusha. Nikaivaa. Nikakaa sakafuni mbele ya feni, nikaiweka namba tatu, nikageuza sikio la kulia.

Si mara ya kwanza.