Mayai ya Kasa Kwenye Beseni la Mama Cherehani

MAELEZO YA SHAHIDI

Mayai yako hai! Afande, hilo liingie kwanza, salamu na jina vitafuata. Yako hai, na binti yangu si mwizi.

Jina: Mama Cherehani, ndivyo mtaa mzima unavyoniita. Umri: miaka 52. Kazi: fundi wa nguo za kike. Makazi: chumba cha mbele, nyumba ya tatu kutoka geti la machimbo ya mchanga, ufukweni. Nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe, darasa la saba nilimaliza.

Binti yangu ni mlinzi wa viota vya kasa. Ana cheti chenye muhuri, nimekitundika juu ya cherehani, na mteja hatoki kwangu bila kukisoma. Kasa akishataga na kufukia mayai mchangani, binti huchomeka kijiti hapo na kuanza kuhesabu siku. Ya hamsini na nane, watoto hutoka.

Mnamo tarehe 14 Oktoba, Jumatano, saa mbili asubuhi, siku ya hamsini kwa hesabu yake, tingatinga la machimbo lilipita juu ya vijiti. Viota vilikuwa saba. Sita viliondoka na malori. Lori la pili nililiona kwa macho yangu, ute wa mayai unachuruzika nyuma, na huo ndio mchanga watu wanajengea nyumba. Binti akasimama mbele ya tingatinga.

Dereva akasema, "Dada, toka, mimi natumwa tu."

"Nusu saa, kaka. Mwambie bosi mashine imechemka."

Akazima injini, Mungu ambariki.

Binti akaja mbio. "Mama, beseni! Na chaki yako!" Nikamwaga nguo zilizolowekwa. Yai la kasa lililokaa siku nyingi haligeuzwi. Upande wa juu ubaki juu, la sivyo mtoto anafia ndani. Basi kila yai la kile kiota kimoja kilichobaki alilitia alama ya chaki juu kabla ya kulinyanyua. Mayai 112, kwa mikono ile ile iliyonivunjia vikombe vyote nyumbani! Halikupasuka hata moja. Tukayafukia kwenye beseni kwa mchanga wake, tukaliweka chini ya meza ya cherehani. Siku nzima sikushona, nisije nikayatikisa.

Sasa kosa, nalo ni langu. Tarehe 15, saa kumi jioni, mke wa msimamizi wa machimbo alikuja kupimwa gauni. Binti alishanionya, "Mama, mdomo." Lakini nampima mtu kiuno, futi mkononi, nitanyamazaje na mtoto kama yule? Nikainua kitambaa, nikamwonyesha. Nikamwambia, "Nani mtaa huu kazaa hivi?" Akacheka. Akasema, "Hongera, mama."

Leo tarehe 16, saa nne asubuhi, askari wawili walikuja na mumewe, yule msimamizi. Walisema binti ameiba nyara za serikali. Alinyoosha mikono mwenyewe. Hakunikasirikia, afadhali angenitukana. Alisema tu, "Mama, alama ziwe juu." Askari mmoja akalibeba beseni ubavuni kama la nguo chafu. Nikamfuata njia nzima napiga kelele, watu wakadhani nimefiwa.

Sasa liko chumba chenu cha vielelezo, kwenye sakafu ya saruji, kati ya pikipiki na matairi. Nimechungulia dirishani. Mchanga umekauka, umetitia. Alama mbili ninazoziona zimelala upande.

Afande, nifungeni mimi, mdomo ni wangu. Yeye mwacheni ayanyunyizie maji, hakuna mwingine anayejua kiasi. Kuna kipande cha ufukwe kimebaki nyuma ya choo cha machimbo, urefu wa hatua arobaini tu, kinatosha watoto kushukia baharini. Alhamisi tarehe 22 ndiyo siku ya hamsini na nane. Njooni nyote mwone, na yule mama pia. Gauni lake litakuwa tayari.

Niliyoyaona na niliyoyaropoka ndiyo hayo.

Sahihi: Mama Cherehani

Maelezo ya askari mpokeaji: Nimeyapokea leo saa nane mchana na kumsomea shahidi, amekiri ni yake. Kielelezo kisiguswe na mtu yeyote hadi kifikishwe mahakamani. Shahidi, mtuhumiwa na mlalamikaji, wote wafike mahakamani Alhamisi, tarehe 22 Oktoba, saa tatu asubuhi.