Mama Anachechemea

Alaska, 9 Juni 2024

Mama mpendwa,

Hujambo? Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima, ila mbu wa huku hawana adabu. Niko kwenye tundra, uwanda wa baridi usio na mti hata mmoja, natafuta viota vya vitwitwi. Mimi na mtafiti mwenzangu Rodney tunaburuta kamba chini. Ndege akiruka, tunajua mayai yapo hapo. Lakini wajanja hao, Mama! Ukikaribia kiota, anaburuta bawa kama limevunjika. Unamfuata, kumbe anakuvuta tu mbali na watoto wake.

Agosti nikirudi Nairobi napitia huko kwako Doha, nitashinda uwanja wa ndege mchana kutwa. Omba ruhusa kazini uje, tafadhali. Tangu nimalize kidato cha nne sijakuona ana kwa ana.

Mwanao,
Shiru

Najma, Doha, 16 Juni 2024

Shiru wangu,

Mgongo upo, haujanihama. Nashukuru Mungu u mzima. Tangu niusome ujumbe wako situlii. Nikikaa nasimama, jana nimepiga pasi nguo zilizokwisha kupigwa pasi. Lakini ruhusa? Siku hizo madamu, mwajiri wangu, ana wageni. Nikiomba akatae, sitapata tena pa kuchomokea. Basi nimemwiga ndege wako: siku hiyo nitachechemea, niseme naenda kliniki. Collins, dereva wa jirani, atanileta kwako. Usicheke.

Mamako

Doha, uwanja wa ndege, 11 Agosti 2024

Mama, hujambo kweli? Kila mlango ukifunguka nainuka. Nimetoka nje, jua likanirudisha. Simu yako inaita tu. Sasa wanaita abiria wa Nairobi. Uko wapi, Mama?

Shiru

Najma, Doha, 12 Agosti 2024

Shiru mwanangu,

Natumai umefika salama. Mimi sina ugonjwa wowote, na hilo ndilo tatizo. Nilichechemea vizuri mno. Madamu akaogopa, akawaacha wageni sebuleni, akanipeleka kliniki mwenyewe. Kwa haraka ile simu ikabaki jikoni. Alinishika mkono foleni nzima, akiniambia "shwai shwai, Wairimu," yaani polepole. Kwa aibu nikaendelea kuchechemea. Nikafungwa bendeji goti zima.

Tulipofika nyumbani nikashindwa kuvumilia. Nikamweleza yote, nikijua nafukuzwa. Akauliza ndege yako inaondoka saa ngapi. Nikamwambia imeshaondoka. Akaketi palepale sakafuni.

"Ungeniambia tu," akasema. "Ningekupeleka mimi."

Nina hasira, Shiru, na sina wa kumkasirikia.

Mamako