Sehemu ya Tatu ya Kengele

3 Machi

Kaka yangu mpendwa,

Pole na kazi, na pole zaidi na hivyo vidole vinavyokugomea. Mimi huku mzima, ila mgongo unanisema kila jioni, maana mashine mpya ya kutoa kopi hapa dukani ni fupi na mimi ni mrefu, basi nashinda nimeinama kama natafuta sindano. Wifi hajambo? Mwambie viatu alivyonitumia vimenikaa sawasawa.

Nina habari. Wale wabunifu wa michezo ya mezani niliokusimulia wanakutana mwezi Mei kwenye ukumbi wa chuo cha ufundi. Si wale wakubwa wenye maboksi yanayong'aa. Ni watu kama sisi. Kila mmoja anakuja na mchezo ambao haujaisha, anauweka mezani, wageni wanaucheza na kumwambia unavuja wapi. Nimeomba meza nikapewa. Jina la mchezo nimeandika "Kengele", na watunzi wawili, jina lako likitangulia.

Sasa tatizo unalijua. Sehemu ya kwanza, wachukuzi wanakabidhiwa kengele kubwa waipeleke kwenye mji ambao hakuna aliyeuona, hiyo ninayo. Sehemu ya pili, njia yenyewe, ninayo yote, hadi yule mlinda daraja anayetaka adanganywe vizuri ndipo afungue. Sehemu ya tatu, mji, iko kichwani mwako peke yako. Tangu utotoni tukicheza sakafuni, wewe msimulizi na mimi mchukuzi, kila tukikaribia unasema, "Leo tumechoka, mji kesho." Kaka, hiyo kesho imeota ndevu. Niandikie mji.

Ni mimi mdogo wako,
Chiriku

15 Machi

Mdogo wangu Chiriku,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti ili wifi yako acheke. Sisi hatujambo, kwa kadiri ya kutojambo kwetu. Nawe nyoosha mgongo; weka mashine juu ya meza kabla haijakukunja.

Najua unalalamika sipokei simu. Simu tuiache. Ulimi umekuwa mzito. Nikisema "mji" unasikia "maji", unanijibu, "Ndiyo Kaka, kunywa mengi." Wewe unajifanya umenielewa, nami najifanya sikuona. Karatasi haina adabu hizo.

Wiki iliyopita niliandika bango la duka la dawa. Neno lenyewe DAWA, basi. Ile A ya mwisho ikalala kama mlevi. Mwenye duka akalitazama sana, akasema, "Huo mtindo mpya, fundi?" Nikasema ndiyo. Akashukuru, akalitundika. Nilikaa kwenye kizingiti cha duka lake, na tangu hapo sijashika brashi.

Daktari amenitajia jina la ugonjwa, refu kuliko bango lolote nililowahi kuandika. Kwa kifupi, mikono, ulimi, miguu, kisha pumzi. Akili inabaki palepale inatazama. Nikamwuliza dawa yake. Akaanza kupanga kalamu zake mezani, nikaelewa, nikamwonea huruma.

Haya, mji. Upo, usijali. Nitakupa kidogo kidogo, maana kalamu nayo ina ukaidi. Leo chukua lango. Lango halina mlinzi. Nje yake kuna benchi refu, na watu wamekaa wamevaa nguo zao nzuri. Wachukuzi wakitokeza, wale watu wote wanasimama. Hapo msimulizi anyamaze. Wachezaji wasiambiwe ni kina nani.

Mengine yaja.

Kaka yako

10 Aprili

Kaka yangu,

Natumaini barua hii inakukuta umekaa vizuri na mto mgongoni. Mimi sijambo, nalala kidogo tu.

Lango linafanya kazi. Nimelijaribu dukani wakati wa chakula na wenzangu wawili wa kazini. Nilipofika kwenye watu wanaosimama, mmoja akaacha kijiko hewani. Akaniuliza, "Wamesimama kwa heshima au kwa hofu?" Nikanyamaza kama ulivyoagiza. Amenikasirikia tangu siku hiyo.

Lakini nimeona mwandiko wako. Mtu uliyekuwa unaandika herufi zenye urefu wa mlango, sasa ni kama mchwa wamepita kwenye karatasi. Kaka, sijakaa kimya. Wanapokuja watu wa hospitali kutoa kopi nawauliza. Nimemuuliza muuguzi, nimemuuliza mfamasia, nimemuuliza bwana mmoja aliyeleta vyeti vya udaktari, kumbe ni daktari wa ng'ombe. Wote wanatikisa kichwa kwa upole uleule. Nimeuchoka upole.

Niambie waliokaa benchi ni kina nani. Kama kuandika kunakuumiza, niambie hilo tu.

Mdogo wako,
Chiriku

30 Aprili

Chiriku wangu,

Salamu. Mkono ni wa wifi yako, maneno ni yangu. Anaandika ninavyosema, na nikisema neno mara tatu asilielewe ananipa lake, kwa hiyo ukikuta hekima yoyote humu ujue ni yake.

Nakula vizuri. (Wifi, si kweli, anakula uji tu, tena kwa ugomvi.) Nimemwambia asitie mabano kwenye barua yangu. (Nimetia.)

Daktari wa ng'ombe amenichekesha hadi nikapaliwa. Usiache kuuliza, lakini usiulize kwa ajili yangu. Mimi nimeshamaliza kuuliza.

Walio benchi ndio walioiagiza kengele. Wamesubiri muda mrefu hata wamesahau waliitaka ya nini. Hapo ndipo mchezo unapoanza hasa. Yote ya nyuma yalikuwa njia tu. Wachukuzi wanapoingia mjini

(Wifi, amechoka. Tumejaribu sentensi hiyo asubuhi yote. Anasema neno la kwanza, halafu pumzi haitoshi neno la pili. Amefunga mdomo, anatazama dirishani. Naipeleka barua ilivyo kwa sababu ameniambia ipelekwe, hilo nimelisikia vizuri.)

Kaka yako, na wifi yako

20 Mei

Kaka,

Shikamoo. Wifi, nawe pole na uuguzi. Mimi nimerudi kazini leo, miguu inaniwaka, ila mzima.

Ngoja nikusimulie. Ukumbi ni karakana ya zamani, sakafu bado ina madoa ya grisi. Mlangoni wamebandika kadibodi: "Humu hakuna kilichokamilika. Kuwa mpole." Meza kama za shule, na kwenye kila meza mchezo wenye tundu lake. Jirani yangu alikuwa na mchezo wa majini wanaopanga nyumba moja; kanuni zake zilikatika katikati ya ukurasa, hapo ameandika kwa penseli, "sijui." Dadu zake alizichonga kwa vifutio. Mwingine alikuwa na ramani nzuri ajabu, hana mchezo. Hakuna aliyekuwa anaona haya. Mtu anakwama, anakuambia, "Hapa nimekwama," kama anayekuonyesha choo kilipo. Ungependa pale, Kaka. Nilikitazama kiti cha pili kwenye meza yangu muda wote.

Siku ya mwisho walikaa kwangu wachezaji wanne. Kiongozi wao daktari wa meno, mtu mnene mwenye sauti ndogo, anabeba dadu zake kwenye kopo la vidonge. Walibeba kengele kwa moyo. Darajani mmoja akataka waitue waende bila hiyo, yule daktari akamwambia, "Nimeshaibeba mpaka bega limeota sugu, siitui," na alikuwa anajisugua bega lake mwenyewe. Wakafika langoni. Watu wa benchi wakasimama. Nikawaambia ndio walioagiza na wamesahau kwa nini.

"Tunaingia," akasema daktari wa meno. "Msimulizi, mjini kuna nini?"

Nikasema, "Mchezo umekomea hapa."

"Umekomea, au hujaandika?"

"Kaka yangu ndiye aliyekomea hapa."

Nikawaeleza. Sikukusudia. Nilisema kwa haraka kama mtu anayesoma tangazo. Wakabaki wameshika dadu. Walipoondoka, daktari wa meno akarudi. Akasema, "Dada, tumeongea pale nje. Tuachie lango hili. Tutaandika sehemu ya tatu sisi wanne, kwa heshima, jina la kaka yako libaki juu. Ataisoma angali hai."

Lile neno "angali" lilinichoma. Nikamwambia mji una mwenyewe, na mwenyewe hajamaliza kusema. Akaomba radhi, akaweka kopo lake mfukoni, akaenda.

Nimekulindia mji wako, Kaka. Chukua muda wako.

Chiriku

2 Juni

Chiriku,

Salamu zako zimefika. Mkono ni wangu, wifi yako. Imenichukua siku mbili kumwelewa, na nimemsomea tena ili nihakikishe. Anasema hivi tu:

Ungewaachia.

Kaka yako

7 Julai

Kaka yangu,

Natumaini kile kitanda kipya kinakubeba vizuri kuliko kile cha zamani. Mimi nilirudi salama kutoka kwenu. Mimi na wifi tumeongea kwenye simu, kwa hiyo habari za kohozi na za usingizi ninazo.

Nilipokuwa hapo niliongea tangu naingia hadi naondoka. Nilikusimulia mashine, mvua, wateja, paka wa jirani. Wifi alinionyesha unavyojibu sasa, kufumba macho ni ndiyo, kutazama juu ni hapana, na mimi nikafanya kila njia nisikuulize chochote. Nilikunyoa ndevu. Nilikuona unanitazama, unangoja, nami nikaanza tena habari za paka. Wewe ndiye uliyenipa jina la Chiriku; sikujua siku moja nitajificha ndani yake.

Daktari wa meno nimemtafuta. Waandaaji wa ule mkutano hawakuandika majina ya wachezaji, waliandika ya watunzi tu. Nimepita kliniki za meno za huku, kwenye moja wakataka kunikalisha kwenye kiti. Si yeye. Nimebandika tangazo kwenye lango la chuo. Mvua imelichukua, nimebandika jingine. Nimejaribu kuuandika mji mwenyewe pia. Kila nikiwaingiza wachukuzi mjini, mji unakuwa mtaa wetu huu, wenye duka la kopi.

Basi nimefikiria. Mchezo wenyewe si maswali? Mchezaji anauliza, msimulizi anajibu. Sasa mimi nitauliza, na wewe una ndiyo na hapana. Wifi, msomee moja moja, taratibu, na uniandikie anavyojibu:

Je, wachukuzi wanaingia mjini na kengele?

Je, mji una watu wengine, mbali na wale wa benchi?

Je, kengele inatundikwa?

Je, inalia?

Je, waliobeba wanaruhusiwa kurudi kwao?

Kaka, na hili la mwisho unisamehe. Je, mji huo uliujua kweli tangu mwanzo, au ulikuwa unatafuta kesho nyingine?

Nangoja. Sina haraka.

Mdogo wako

19 Julai

Wifi yangu mpendwa,

Shukrani kwa barua na kwa mafuta ya kuchulia, yanamsaidia mgongoni. Watu wa hapa wanakusalimu. Safari hii mkono ni wangu na maneno ni yangu pia.

Nilisubiri asubuhi, ndiyo saa yake nzuri. Nilimgeuza akatazama mlango, nikafungua dirisha, nikamwambia, "Chiriku ameleta maswali ya mji." Macho yakaja kwangu upesi. Wifi, siku nyingi hayajaja hivyo.

Nikauliza la kwanza. Akafumba. La watu wengine, akafumba. Kutundikwa, akafumba. Kulia, akafumba na akakaa amefumba kidogo. Kurudi kwao, akafumba. Nikafurahi, nikawa naandika pembeni mwa barua yako. Nikafika la mwisho. Nililikata mara mbili ili aweze kujibu. Nikasema, "Uliujua mji tangu mwanzo?" Akafumba. Nikasema, "Hukuwahi kuujua?" Akafumba pia.

Nikaogopa. Nikarudi nyuma. "Kengele inalia?" Akafumba. "Kengele hailii?" Akafumba. Nilijiuliza kama macho nayo yameanza kwenda, au ni usingizi tu. Nikamwuliza, "Umechoka, niache?" Akatazama juu. Alitazama juu vizuri, hadi nikaona weupe wote wa macho. Hapana. Nikamwuliza, "Basi unanichezea?" Akanitazama tu.

Sijui nikuambie amejibu nini. Sitaki kukuandikia mji ambao sina uhakika nao. Muuguzi alipokuja nilimweleza, akasema wakati mwingine ndiyo wanayo tu, hapana inawachosha. Lakini hapana yangu aliitoa, niliiona mwenyewe.

Jioni nikamwuliza, "Niendelee kusoma?" Akafumba. Nikageuza karatasi, hakuna kitu. Nikaanza tena na la kwanza, nikamaliza yote, nikauliza kama niendelee, akafumba. Tunafanya hivyo kila siku sasa, asubuhi na jioni. Karatasi imeanza kuchanika kwenye mkunjo.

Wifi, maswali yamekwisha. Andika mengine.

Wifi yako