Ufutio Wako na Kompyuta ya Agnesi

Mama, kamwene.

Baridi ya huku Mbeya bado haijaifikia ile ya kwetu Kilolo. Leo nimekukumbuka nikiwa na bisibisi mkononi. Usicheke.

Mjukuu wangu Agnesi, wajina wako, anamalizia chuo. Anachora ramani za majengo kwa kompyuta, na ile yake ya mtumba kila akifungua mchoro mkubwa inaganda kama uji wa jana. Fundi akaniambia, "Bibi, hii imechoka, nunua mpya." Mpya kwa pensheni gani? Mtoto alikwishaanza kusema ataahirisha mwaka, roho ikaniuma. Lakini mwenyewe aligundua kwamba kilichopungua ni memori tu. Tukanunua kipande kilichotumika, tukatoa betri, tukafungua mfuniko, tukakichomeka. Tulipowasha, kioo kikabaki cheusi. Agnesi akainamisha kichwa.

Hapo ndipo nilipokuona, Mama. Miaka ya sabini, Baba kaja huku Mbeya kutafuta kazi kwenye reli, hatujapata neno lake tangu aondoke, na redio imenyamaza siku ya kipindi cha salamu. Ukaanza kuifungua. Jirani akapiga kelele, "Mama Yusta, utaiua hiyo redio!"

"Imeshakufa. Nitaiua mara ngapi?"

Ukaninyang'anya ufutio wangu wa shule, ukasugua vibati vinavyogusa betri mpaka vikang'aa. Mimi nililia, maana ufutio ulikuwa mpya. Redio ikakoroma kidogo, kisha mtangazaji akasoma: "Salamu zimfikie Mama Yusta wa Kilolo. Ujumbe: kazi nimepata." Ulicheka huku machozi yanakutoka, nami nikausahau ufutio.

Basi nikamwambia Agnesi, "Lete ufutio."

"Bibi, ufutio wa nini tena?"

"Wewe lete."

Nikakichomoa kile kipande cha memori, nikasugua taratibu vimeno vyake vya rangi ya dhahabu, nikapangusa, nikakirudisha na kukibana mpaka kikalia ta! Safari hii kioo kikapata mwanga. Mchoro ukafunguka wote, ghorofa kwa ghorofa, na mtoto akanirukia nusura aniangushe. Haahirishi tena.

Tangu uondoke nimekuwa mpweke, sikufichi. Leo nina furaha, kwa kuwa mikono yako bado inafanya kazi humu ndani.

Salamu zimfikie Mama Yusta, popote alipo. Ujumbe: imewaka.

Ni mimi mwanao,
Yusta