Rangi Niliyosema Imeisha

Hooyo,

Mama yangu, sebule sasa ni ya kijani. Najua, najua. Miezi minne tangu tukuzike ndiyo nimepata mkono wa kupaka! Hata uso sijui niuweke wapi.

Ulipohamia kwangu Garissa, baada ya ukame kumaliza mbuzi wako kule Bute, uliniomba kitu kimoja tu. "Abdi, nipakie ukuta kijani. Si ile ya milango ya maduka. Ile ya malisho, mvua ikishanyesha siku tatu." Nikaenda duka la rangi, nikakuta mikebe ya kijani imepangwa mpaka juu, nikanunua kijivu. Niliwawaza wenzangu wa ofisini. Wangeingia wakacheka, waseme huyu bado ni mtu wa porini. Nikarudi nikakwambia kijani imeisha Garissa nzima.

Ukasema, "Haya, mwanangu." Laiti ungenigombeza! Badala yake kila mgeni ulimwambia, "Maskini mtoto wangu, alizunguka mji wote juani akiitafuta." Nami najifanya nasoma simu, natamani ardhi ipasuke inimeze. Miaka miwili uliketi ukitazama kile kijivu.

Makaburini sheikh aliomba kila uliyemkosea akusamehe. Watu wakajibu, tumemsamehe. Mimi nikajibu kwa sauti kushinda wote. Mimi, Hooyo! Nilikusamehe nini?

Wiki jana nikarudi dukani. Muuzaji akanifungulia kitabu cha rangi, kijani ishirini na kitu, walahi. Akaniuliza naitaka ipi, na dirisha ni kubwa kiasi gani, kwa sababu kijani iliyokolea hutia giza chumba kidogo. Mtu wa kumuuliza ni ipi nilikuwa naye, nikamdanganya. Nikachukua mikebe midogo mitatu, nikapaka vipande ukutani, nikaviangalia asubuhi na jioni. Kimoja kiligeuka bluu. Kingine kilifanana na wodi ya hospitali. Cha tatu kilitulia, kina unjano kidogo ndani yake, basi nikapaka hicho.

Jana akaja mdogo wako, habaryar Halima. Kabla hajakaa nikamwambia yote, kwamba rangi haikuwa imeisha. Akasema ulijua. Wiki ileile niliyokudanganya mlipita na tuktuk mbele ya duka, ukaiona mikebe. Ukamwambia, "Usimwambie Abdi nimeona. Ataaibika."

Ataaibika! Kumbe miaka miwili yote ulikuwa unanisitiri mbele ya wageni, na mimi nakuona mjinga.

Sijui kama hii ndiyo kijani yako. Pengine nimekosea. Nisamehe, Hooyo, na Allah alipanue kaburi lako liwe na nuru. Mgeni yeyote atakayeusifu ukuta huu nitamwambia kwa mdomo wangu: mama yangu aliitaka rangi hii akiwa hai, ilikuwepo dukani, mimi ndiye niliyemnyima.

Mwanao,
Abdi