Kopo Lisilo na Jina

Mama mdogo Dufie,

Nakusalimu kutoka Kumasi. Mvua imeharibu barabara ya sokoni, na matokeo yangu ya mtihani bado hayajatoka. Dada Konadu amejifungua kwa upasuaji mtoto wa kiume, mweusi tititi, anapendeza. Mama mkwe wake alimtazama akacheka: "We kijana, umemfuata nani? Mama yako mweupe hivi!"

Dada hakucheka. Kidonda kimefumuka tena, na homa haishuki. Daktari anasema ngozi yake imelainika kama karatasi iliyoloa, haishiki uzi. Alivitazama vifundo vya vidole vya Dada, ambavyo bado ni vyeusi, akamuuliza, "Unapaka nini?"

"Sabuni nyeusi na mafuta ya shea tu, daktari," akajibu, maana mama mkwe alikuwa amekaa pale pale kitandani.

Nilimfuata daktari nje nikamwonyesha kopo la krimu unayomchanganyia. Hata kumtazama usoni nilishindwa. Akasema kopo halina jina, na asipojua dawa iliyomo atakuwa anatibu kwa kubahatisha.

Simu zangu hupokei. Hakuna anayetaka kukushtaki. Mwandikie dereva wa basi aliyekuletea barua hii vyote ulivyotia, nimemwomba asubiri.

Dada ameniagiza nikuombe kopo jingine, apendeze siku ya kumtoa mtoto nje. Nimekufikishia. Usilitume, mama. Nakupigia magoti, tuma majina tu.

Mwanao,
Afrakoma