Magome ya Mninga na Ini la Shangazi

Isevya, Alhamisi alasiri. Mvua imekatika saa sita na joto limerudi palepale. Sina hasira. Nimechoka tu, na mikono yangu inanuka spiriti.

Shangazi yangu alifika kwa treni kutoka Usoke wiki tatu zilizopita, amekonda, kiu haimwishi, pumzi inanukia kama mapera yaliyoiva kupita kiasi. Mimi ni mpimaji katika maabara ya hospitali, kwa hiyo nilijua kabla ya kupima. Ugonjwa wa sukari. Daktari wetu, Mwingereza mwenye subira, alinieleza upya: ini ni ghala la sukari, na likikosa wa kuliamuru huifungulia yote kwenye damu, huku mwili ukiyeyusha mafuta yake wenyewe kana kwamba una njaa. Sindano ya insulini ndiyo inayolifunga ghala; ikizidi, damu hukosa sukari kabisa.

Shangazi alikubali sindano kwa sharti moja: ataendelea kunywa magome ya mninga aliyopewa na mfumu, mganga wa kwao, ambaye naye alimwambia kwamba ini lake limelegea. Nilikubali haraka. Si kwa heshima. Nilitaka kuyapima.

Kila asubuhi alinipa mkojo katika chupa ya hospitali, nami nikauchemsha na dawa ya buluu. Ikibaki buluu, hakuna sukari. Ikigeuka rangi ya tofali, sukari imejaa. Kila siku ilikuwa tofali. Nikaandika kwenye daftari kwamba mninga haufanyi kitu. Daktari akaongeza kipimo cha sindano, kisha akakiongeza tena, na mchomaji ni mimi.

Nakiri hapa, pasipo na wa kunicheka: nilifurahi kila nilipoiona ile rangi.

Leo saa nne Bi Zuhura, jirani yetu mshona kofia, alikuja hospitali mbio, kandambili mkononi. Nilikimbia naye nyumbani, nikamkuta Shangazi ameloa jasho, anatetemeka, ananiita kwa jina la marehemu baba yangu. Niliogopa sana. Nilimnywesha maji ya sukari kijiko kwa kijiko, na baada ya robo saa akanitambua.

Niliporejea hospitali, daktari aliuliza imekuwaje sukari imwishie mgonjwa ambaye mkojo wake wa asubuhi uligeuka rangi ya tofali. Nilijibu bila kufikiri: "Ni yale magome, Bwana. Yamemharibia ini." Akaamuru magome yaachwe na sindano ibaki ilivyo, maana mkojo bado una sukari.

Niliporudi nyumbani niliingia bafuni uani kunawa. Pembeni palikuwa na kata ya kibuyu, kuukuu, imezungukwa na sisimizi. Nikatoka nayo.

"Shangazi, hii ni ya nini?"

"Si ndiyo ninayokingia, mwanangu? Chupa yenu mdomo mwembamba. Nikupe chupa iliyolowa uishike wewe, mtoto wa kaka yangu? Aibu gani hiyo!"

"Na imetoka wapi?"

"Nimekuja nayo. Mume wangu alikuwa anachotea asali. Ameshapata nyingine."

Miaka mingi ya asali imenywewa na kile kibuyu. Kusuuza hakutoshi. Nilitia maji safi ndani ya kata, nikayatikisa, nikayamimina kwenye kichupa na dawa ya buluu niliyoazima kazini, nikawasha taa ya spiriti.

Maji matupu yamenipa rangi ya tofali.

Basi daftari langu la wiki tatu halina maana. Pengine sindano ililifunga ghala tangu wiki ya kwanza. Pengine magome yalisaidia. Sijui, na mimi ndiye niliyejifanya ninajua. Ninachokijua ni kwamba nimekuwa nikimchoma shangazi yangu kwa ajili ya asali ya mumewe.

Ameketi barazani sasa, anachambua mchicha. Ameshaniuliza kama ni kweli magome yake ndiyo yaliyotaka kumuua. Nimejifanya sikusikia. Naona haya kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nimeitafuta kazi hii kwa miaka, na daktari ananiamini kuliko wengine. Nikinyamaza, hakuna atakayejua. Mganga yuko Usoke, na kata naweza kuichoma moto jikoni.

Ingekuwa rahisi kuandika kwamba nitasema kesho. Lakini kesho saa moja asubuhi ataukunja mkono wa gauni lake kama kawaida, na kipimo ni kilekile cha leo.

Navaa viatu. Daktari atakuwa kwake, anakunywa chai.

Shangazi ananiuliza naenda wapi na njaa. Namjibu: "Kwa daktari. Nikamwambie si magome, ni mimi."